Mvunja Maganda wa Tranfors

Leo Ijumaa, tarehe thelathini Mei, Alrik Sandelin anastaafu baada ya miaka arobaini na moja ya kuvunja vitu vyetu. Nimeandika hivyo kwa makusudi, na yeye mwenyewe hatabisha. Sisi wengine wa Kiwanda cha Maganda cha Tranfors tumeajiriwa kutengeneza. Yeye aliajiriwa kuvunja, na kwa kazi hiyo amepewa mshahara kamili, likizo kamili na kahawa asiyoilipia.

Mkurugenzi wetu, Sigbritt Hamrén, ndiye aliyeniomba niandike wasifu huu. Nilimuuliza kwa nini mimi, wakati wapo waliomjua Alrik tangu akiwa na nywele. Akanijibu kwamba hakuna mtu hapa aliyemletea Alrik keki nyingi kuliko Ylva Bäckelin wa tanurini. Ylva huyo ni mimi, na sina la kujitetea.

Kwa ajili ya waume, wake na watoto wetu waliokuja leo na ambao hawajawahi kuvuka mlango wa kantini, nieleze kidogo. Makabati ya nchi hii yamejaa bunduki za zamani ambazo risasi zake hakuna duka linalouza tena. Mwenye bunduki ya babu yake, akitaka kwenda nayo msituni Oktoba kuwinda elki, yule kulungu mkubwa wa misitu yetu, hununua kwetu ganda tupu la shaba ya manjano, kisha hulijaza mwenyewe nyumbani: fataki, baruti, kichwa cha risasi. Akishafyatua, ganda haliendi takatakani. Hulijaza tena, na tena. Kwa hiyo ganda zuri kwetu si lile linalong'aa kwenye boksi, ni lile linalorudi zima kutoka msituni. Shingo ikiwa ngumu mno hupasuka. Kitako kikiwa laini mno hulegea mpaka fataki inachezacheza. Wako pia watu wanaokata maganda ya bunduki za kisasa na kuyalazimisha yaenee kwenye bunduki za kale. Alrik huyaita maganda ya kuazima, na hulitamka neno hilo kwa sauti ileile anayoitumia kwa watu wanaomiminia nyama ya elki kechapu.

Kazi yake imekuwa hii. Kila fungu la maganda likitoka kwenye tanuri langu, ambako shingo hulainishwa kwa moto, Alrik huchota machache, huyajaza, na kwenda nayo kibandani nyuma ya kiwanda. Humo anaishi Shangazi Augusta. Watoto msishtuke: Shangazi Augusta ni bunduki, mkubwa kuliko sisi sote kwa umri, mwenye kifua kipana na tabia ya kunyoosha maganda kuliko bunduki yoyote ya mteja. Alrik humpigisha kwenye rundo la mchanga, hulijaza ganda upya, humpigisha tena, mpaka kikomo kilichokubaliwa. Ganda likivumilia, fungu linaenda sokoni. Likipasuka kabla ya kikomo, fungu zima linarudi kuyeyushwa.

Hapo ndipo keki inapoingia. Hakuna anayejua nani aliianzisha desturi hii, ila kila mtu anajua nani ameifurahia. Fungu likianguka, aliyelitengeneza huleta keki kwenye kahawa ya Ijumaa, huketi kiti cha dirishani, na Alrik huweka ganda lililopasuka mbele yake juu ya kitambaa cheupe, hueleza lilivyopasuka na kwa nini, huku akila. Fungu likifaulu hasemi kitu. Hulibandika lebo, hulipeleka stoo, basi. Mimi mwaka wangu wa kwanza nilikuwa nikiingia kwa Ingegerd, mwenye duka la mikate, naye ananyoosha mkono kuchukua ile keki ya kijani kabla sijafungua mdomo.

Msidhani alikuwa mpole. Alrik ana kichwa kigumu na hajawahi kuona sababu ya kukificha. Aligombana na wakurugenzi watatu kuhusu kikomo, kila mmoja akitaka kishushwe kidogo tu, na wote watatu wameshaondoka lakini kikomo kipo. Aliwahi kumwambia mjumbe wa chama cha wakusanyaji wa bunduki, aliyekuja kutupa tuzo, kwamba tuzo yenyewe imetengenezwa kwa shaba mbovu, akaigonga kwa ukucha ili mgeni asikie. Ndiyo kawaida yake ya kupima: huyatikisa maganda kiganjani na kuyasikiliza, kwa sababu ganda lenye ufa halilii, hukohoa. Sikio la kulia Shangazi Augusta alishalichukua zamani, kwa hiyo husikilizia la kushoto, akiwa ameinamisha kichwa na kufumba jicho. Ukiongea wakati huo utajuta.

Na kila mfanyakazi mpya, siku yake ya kwanza, alipewa hadithi ya farasi. Ninaifupisha, yeye huirefusha mpaka kahawa inapoa. Zamani jeshi moja katika nchi za joto lilitunza maganda yake kwenye mazizi ya farasi msimu wa mvua. Yalipotolewa, yalikuwa yamepasuka yenyewe bila kupigwa. Hewa kali ya mkojo wa farasi, ile amonia inayowasha pua, iliingia kwenye shaba iliyokuwa bado imebanwa na mashine, ikaipasua taratibu kama ubao mkavu. Ndiyo maana hapa hakuna anayesafisha dirisha kwa dawa yenye amonia, na ndiyo maana mwenzetu Rune alifukuzwa stoo kwa fagio mwaka ule alipoingia na buti alizotoka nazo zizini kwake. Naomba muikumbuke hadithi hii ya farasi, maana ninairudia sasa hivi.

Mwaka wangu wa kwanza hapa nilikuwa kwenye kipindi cha matazamio. Nilikuwa nimeacha kazi ya chuma kule Karlstad, nimehama na vyombo vyangu, nimepanga chumba kwa mama mmoja aliyenipangisha kwa sharti la kumkatia kuni. Nilikuwa ninaipenda kazi ya moto kuliko kazi yoyote niliyowahi kuishika. Nililijua hilo na nililiogopa, kwa sababu kitu ukishakipenda hivyo unaweza kunyang'anywa.

Agosti mwaka huo Alrik alikuwa na mbwa, Tussa, mbwa wa elki wa kijivu, ambaye alikuja naye kazini kila siku na kumlaza chini ya meza yake. Tussa alikuwa na mimba. Nyumbani kwa Alrik kulikuwa na mafundi waliokuwa wanang'oa sakafu, kelele na vumbi tupu, na siku ya uchungu mbwa alichagua mwenyewe mahali pa joto, pakavu na patulivu kuliko pote katika kiwanda hiki. Aliingia stoo ya maganda, akajipenyeza chini ya rafu ya mwisho, akazaa watoto saba.

Mtu mwingine angemtoa. Alrik aliketi sakafuni karibu naye siku nzima akiwa amemshikia bakuli la maji. Kisha akatandika unga wa mbao, akafunga madirisha ili vichanga wasipigwe na upepo, akatuambia kwamba mkurugenzi hana haja ya kusumbuliwa na mambo madogo. Sisi nasi hatukusumbua mtu. Kiwanda kizima kilianza kuwa na shughuli stoo. Mtu aliyehitaji skrubu alizifuata stoo, mtu asiyehitaji chochote alikwenda kuhakikisha kwamba hahitaji. Kila mmoja alikuwa na kipande cha soseji mfukoni. Nilikuwemo. Sigbritt alijua tangu siku ya pili, ila hilo alituambia baadaye sana.

Na juu ya rafu, juu ya Tussa na wanawe saba waliokunywa sana na kukojoa sana, lilikaa fungu langu kubwa la kwanza. Lilikuwa la maganda ya zamani ya Kidenmaki tunayoyaita nane-hamsini-na-nane, ambayo nusu ya timu za uwindaji za wilaya hii zilikuwa zinayasubiri kwa Oktoba. Alrik alikuwa ameyapima siku yalipotoka motoni. Yalifika kikomo. Alibandika lebo bila kusema neno, na mimi nilitembea hadi nyumbani nikiimba.

Yakakaa pale Agosti na Septemba, yakapelekwa kwa wateja, na wiki moja kabla ya uwindaji yakaanza kurudi. Kwanza boksi moja, halafu matatu, kisha gari la posta likawa linasimama hapa kila asubuhi. Nyufa shingoni. Mengine yalikuwa yamepasuka yakiwa hayajajazwa hata mara moja, yamekaa tu kwenye boksi lake jipya.

Alrik aliyatandaza mezani, akayatikisa, akayasikiliza. Yakakohoa yote. Akasema kwamba yeye alipima kwa haki, na kama machache aliyoyapima yalikuwa mazima na mengine yamepasuka, basi moto haukuwa sawa kwa yote, ulibadilika katikati ya kazi. Aliyasema hayo mbele ya Sigbritt, kwa uso mkavu, bila chuki. Neno la Alrik juu ya ganda lilikuwa halipingwi katika jengo hili. Nilileta keki Ijumaa ile. Niliketi dirishani. Hakuila.

Sigbritt aliniita ofisini akaniambia, kwa upole unaouma kuliko kugombezwa, kwamba kipindi cha matazamio kinaishia mwisho wa Oktoba na hadhani kiwanda kitaweza kuendelea nami. Pia kwamba huenda maganda ya zamani yote yakaachwa, kwa maana wateja wa bunduki za mababu ni wachache na wana kumbukumbu ndefu. Unga wangu ulikuwa umekaribia kumwagika, na wa wenzangu wa meza ya maganda ya zamani pamoja nao. Nilirudi tanurini nikafanya kazi, kwa sababu sikujua la kufanya kingine. Nilijiuliza mara mia ni wapi moto uliniponyoka. Sikupapata. Ndilo lililoniumiza zaidi: nilikuwa ninafukuzwa kwa kosa ambalo sikuliona nilipolifanya, kwa hiyo hata kwingine ningeweza kulirudia.

Kisha ikafika Jumatatu ya kwanza ya uwindaji, siku ambayo kiwanda hufungwa kwa sababu hata tukikifungua hatakuja mtu. Yaliyotokea msituni sikuyaona. Nimesimuliwa na Holger, kiongozi wa timu ya Alrik, ambaye huyasimulia kila mwaka bila kuombwa na kwa uchungu usiopungua.

Katika uwindaji wetu kila mtu hupewa kituo chake, na dhambi kubwa kuliko zote ni kukiacha kabla ya kuitwa. Unaweza kukosa shabaha, utachekwa. Unaweza kusinzia, utasamehewa. Kituo huachi. Mbwa wanamsukuma elki, na mahali ulipo wewe ndipo mlango ulipo. Alrik alipewa kituo kizuri kuliko vyote, mwanya kati ya kinamasi na jabali, kwa heshima ya umri wake. Kituo cha jirani, upande wa pili wa kinamasi, kilikuwa cha Holger mwenyewe.

Asubuhi kabla ya kutawanyika, kila mmoja alijaribu bunduki yake shimoni kwenye changarawe. Holger alifyatua akatoa ganda lililochanika shingo, akamnyooshea Alrik. Alrik alifyatua yake, ya babu yake, nane-hamsini-na-nane ileile, ganda la fungu lilelile. Likatoka zima. Akaliweka mfukoni, akaenda kituoni, akaketi juu ya kigogo.

Sasa, Alrik ana mazoea yasiyo kwenye kanuni yoyote. Kila fungu linalofaulu huchukua machache ya kwake kwa ajili ya bunduki ya nyumbani, na huyachukua siku ileile, yakiwa bado na joto la tanuri, huyatia mfukoni na kuondoka nayo. Maganda yake hayalali stoo hata siku moja. Aliketi kwenye kigogo akiligeuzageuza ganda lake zima kwa mkono mmoja, na lile lililochanika la Holger kwa mkono mwingine. Fungu moja. Moto mmoja. Yake yametoka motoni yakaenda kwenye kabati lake, ya Holger yametoka motoni yakaenda stoo. Kwa mbali Tussa alikuwa anabweka, amemwona mnyama. Alrik alimsikia mbwa wake, akainua kichwa.

Alrik mwenyewe anasema hapo ndipo ilipomjia. Farasi. Zizi. Mvua. Miaka yote ile alikuwa ameisimulia hadithi ile kwa kila mtoto aliyeingia hapa na kisanduku chake cha chakula.

Akasimama, akatoa risasi kwenye bunduki, akaondoka. Aliacha kituo. Holger alimwona akipita kandokando ya kinamasi kwa mwendo wa mtu aliyeacha jiko linawaka nyumbani, akamwita kwenye redio ya mkononi mara ya kwanza kwa mshangao, mara ya pili kwa maneno ambayo siwezi kuyaandika katika programu ya sherehe. Alrik alijibu neno moja tu, kwamba samahani, akazima redio. Na kabla hajafika barabarani, dume la elki lenye pembe pana kuliko mlango wa kantini hii lilipita katikati ya mwanya, pale pale penye kigogo, likitembea bila haraka. Holger anasema lilisimama kidogo likanusa mahali Alrik alipokuwa ameketi. Sisemi Holger hatii chumvi.

Alrik alikuja moja kwa moja kiwandani akafungua stoo. Watoto wa mbwa walikuwa wameshahama kwenda kwa mabwana zao, unga wa mbao ulikuwa umefagiwa, lakini alipopiga magoti na kuweka pua kwenye mbao za chini ya rafu, amonia ilimtoa machozi. Akachukua maganda mazima ya kwake yaliyobaki, akayafungia kwenye kopo pamoja na kipande cha ule ubao. Wiki ile hakurudi msituni. Mengine ya humo koponi yalikuwa yamekwisha kuchanika kabla wiki haijaisha, bila kuguswa na baruti.

Ijumaa iliyofuata tulikuwa tumekwisha kukaa kwenye kahawa. Nilikuwa nimebakiza siku chache, na nilikuwa nimekaa mwisho wa meza. Alrik akaingia na keki.

Watu hawakuelewa. Alrik na keki vilikuwa vitu viwili vilivyokutana mezani tu, kamwe si mlangoni. Tena haikuwa ya duka. Baadaye alituambia kwamba asingethubutu kununua kwa Ingegerd, maana Ingegerd angeuliza ni ya nini, na mji mzima ungejua kabla sijajua mimi. Aliioka mwenyewe, mtu aliyekuwa hajawahi kuoka hata biskuti, na ilikuwa imeungua upande mmoja na kuzama katikati. Akaiweka mezani. Akaenda akaketi kiti cha dirishani. Akatandaza kitambaa cheupe, akaweka juu yake lile kopo, ule ubao, na ganda la Holger.

Hakumtazama Sigbritt. Alinitazama mimi.

"Moto wako ulikuwa sawa, binti," akasema. "Tangu wa kwanza mpaka wa mwisho. Yaliyopasuka yamepasukia kwangu, stoo, juu ya mikojo ya mbwa wangu. Nimekusema vibaya mbele za watu, kwa hiyo ninajirudi mbele za watu."

Kisha akaeleza, kama anavyoeleza siku zote, ganda lilivyopasuka na kwa nini. Tofauti ni kwamba mara hii hakuwa anakula. Alipomaliza alimgeukia mkurugenzi na kumwambia kwamba kama kuna mtu wa kuondoka mwisho wa mwezi, basi kiti kilicho wazi ni cha dirishani.

Sigbritt alikata kipande cha keki upande ulioungua. Alitafuna muda mrefu sana. Tulikuwa tunamtazama taya.

"Ylva, Jumatatu rudi kwenye moto wako," akasema. "Wewe, Alrik, utabaki. Atakayeondoka ni mbwa."

Tulicheka mpaka Rune akamwaga kahawa. Mimi nilicheka pia, halafu nikaona kwamba ninalia, nikaenda kuosha vikombe ambavyo vilikuwa visafi. Alrik alinifuata jikoni. Alichukua kitambaa akawa anafuta vikombe ninavyompa, kimoja kimoja, tukavipanga vyote kabatini. Nilimsamehe kabla ya kikombe cha tatu, lakini sikumwambia, nikamwacha afute seti nzima.

Kiwanda kiliwaandikia wateja wote ukweli, mkojo na yote, na kuwatumia maganda mapya. Sigbritt aliogopa tungekuwa kichekesho, na kweli tulikuwa kichekesho. Ila wawindaji wa nchi hii ni watu wa mbwa. Barua zilizorudi zilikuwa zinauliza habari za vichanga, kama wote wamekua salama, na kama mwakani patakuwa na wengine. Meza ya maganda ya zamani haikufungwa. Ipo mpaka leo, na inalisha familia nyingi zilizokaa katika chumba hiki.

Mmoja wa wale saba ni wangu. Nilimpa jina Ufa, na sasa ni bibi mzee mwenye mdomo mweupe anayelala chini ya meza yangu nyumbani, kwa sababu kiwandani haruhusiwi.

Kuhusu mafanikio mengine ya Alrik, Sigbritt amenipa karatasi, nami nitasema machache. Aliifufua kazi ya maganda ambayo viwanda vikubwa viliitupa. Aliandika kanuni ya kutunza shaba ambayo sasa imebandikwa kwenye mlango wa stoo, na kipengele chake cha kwanza kinahusu wanyama. Alifundisha watu wa moto wanne, na wote tumetokea kuwa wabishi. Timu ya Holger ilimrudisha kituoni baada ya misimu miwili ya kupika supu kambini, na tangu hapo hajawahi kupewa tena ule mwanya kati ya kinamasi na jabali. Ameuomba kila mwaka. Holger yupo hapa leo, anatikisa kichwa.

Nimalizie na jambo la majira haya ya kuchipua, ambalo wengi wenu mmelisikia kwa masikio bila kujua ni nini.

Kuanzia Jumatatu ijayo mimi ninahama kutoka motoni kwenda kwenye meza ya Alrik, na moto anaushika Rune. Rune, kaa vizuri na Ingegerd. Kwa hiyo fungu la nane-hamsini-na-nane nililolitoa mwezi Februari lilikuwa langu la mwisho. Alrik alilipima, likafika kikomo, akabandika lebo. Halafu akaja tanurini na ganda moja mkononi, akaniambia kwamba hilo halirudishi. Kabla hajastaafu atalivunja. Alisema hataki kuondoka hapa akiwa ananidai keki moja.

Ndiyo maana kila siku saa tisa mchana, tangu theluji ikiwa bado kwenye mapaa, Shangazi Augusta alikuwa anapiga mara moja. Mji mzima ulianza kuweka saa zake sawa kwa mlio ule. Kila siku alilitoa ganda, akalikazia macho chini ya taa, akalipitisha ukucha shingoni, akaliangusha kiganjani na kuinamisha sikio lake la kushoto. Kila siku akalirudisha mfukoni bila neno. Aprili ikapita. Kikomo kilikuwa kimeachwa nyuma mbali kiasi kwamba Sigbritt aliacha kuuliza. Alrik alianza kupunguza mazungumzo. Wiki iliyopita nilimkuta kibandani amekaa na Shangazi Augusta mapajani, na sijui kati ya wale wawili nani alikuwa amechoka zaidi.

Jana saa tisa tulitoka nje wote, hata wa ofisini. Akapiga. Akalitoa, akalitazama, akalisikiliza muda mrefu kuliko siku zote. Akaondoka kwenda nyumbani bila kuaga mtu.

Asubuhi ya leo nimelikuta juu ya tanuri langu. Shingo imekuwa nyeusi kwa moshi, kitako kimepauka, limechoka kama sote tunavyochoka. Nimelitikisa kiganjani nikainamisha sikio. Linalia.

Sasa mtaelewa kwa nini katikati ya vyakula vizuri vya meza hii, kati ya samaki wa Sigbritt na mikate ya iliki ya Ingegerd, ipo keki moja iliyozama katikati na kuungua upande mmoja. Ni ya pili katika maisha yake, na nimemsikia akiapa kuwa ni ya mwisho. Tafadhalini kila mtu achukue kipande, hata kidogo. Mimi nitaanza na ule upande ulioungua.

Alrik, kiti cha dirishani ni chako leo, ukikalie bila ganda mbele yako. Tunakushukuru kwa kila fungu ulilolivunja ili mtu asiumie msituni. Nenda salama, uwe na afya, uwe na mbwa, na kila Oktoba urudi mzima.